Betri ya Zahanati Nyumbani kwa Katibu

Mtu niliyemchukia kuliko wote maishani mwangu alikuwa na meno mazuri na sauti ya upole. Alikuwa katibu wa kijiji kimoja cha ujamaa kule bondeni, upande wa kwenda Mtowisa, na mpaka leo sijamsamehe. Wenzangu wa rika langu huniambia yamepita, nimwachie Mungu. Nimemwachia Mungu mengi. Hili nimebaki nalo mwenyewe.

Kwetu ni Sumbawanga mjini. Baba alikuwa na duka mbele ya nyumba, na uani tulikuwa na mashine ya kusaga nafaka iliyoendeshwa na injini ya dizeli. Injini hiyo hiyo tuliifunga mkanda mwingine wa kuzungusha dinamo, na kwa dinamo tukachaji betri za magari. Wenye malori, misheni, hata ofisi za serikali walileta betri zao kwetu. Baba alipoanza kusumbuliwa na kifua, kazi ya betri ikawa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule, sijaolewa, na kanga zangu zote zilikuwa na matundu ya tindikali.

Ni kazi inayotaka subira. Betri ikifika unafungua vifuniko vyake sita, unatazama kama maji yamefunika bamba za risasi zilizomo ndani. Yakiwa yamepungua unaongeza maji ya betri, yale yasiyo na chumvi wala tope, si ya kisimani. Kisha unaipa umeme kidogo kidogo, kutwa nzima, na pengine kesho yake tena. Ukiipa umeme mwingi kwa haraka inachemka na bamba zinapinda. Mwenye betri naye ana wajibu wake. Asiitumie mpaka iishe kabisa, na ikiisha asiiache ikae hivyo siku nyingi, maana bamba huota unga mweupe mgumu na betri haipokei tena. Haya nilimwambia kila aliyeingia uani kwetu. Wengine walicheka, wengine walinisikiliza.

Betri ya zahanati ya kile kijiji ililetwa na dereva wao, mtu mzima wa Kifipa, mpole, aliyevaa sweta moja mwaka mzima. Gari la zahanati ndilo lililopandisha wagonjwa mlimani kuja hospitali ya mjini. Mara ya kwanza betri ilikuwa nzima, imechoka kidogo tu. Nikaichaji siku mbili, akaondoka nayo. Haukupita mwezi akarudi nayo imeisha kabisa. Nikaichaji. Akarudi tena.

"Shikamoo," nikamwambia mara hiyo ya tatu. "Gari lenu linawasha taa mchana kutwa?"

"Marahaba, binti. Gari halina kosa." Akatazama nyuma yake kama mtu anayefuatwa. "Betri hailali kwenye gari. Katibu anaichukua nyumbani kwake. Ana radio kubwa na santuri, na ameweka taa mbili sebuleni. Wageni wake wanakaa, wanasikiliza muziki. Ikizimika ndipo ananiambia niirudishe kwenye gari."

"Na wewe unampa?"

"Nitamnyimaje? Yeye ndiye anayeandika ripoti yangu."

Nikamwambia amweleze bosi wake kwamba betri ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, kisha injini yenyewe iirudishie umeme. Ukiikamua kila jioni kwa ajili ya taa na santuri unaiua. Akasema atamweleza. Sidhani kama alithubutu.

Safari iliyofuata Katibu alikuja mwenyewe, mvua zilipokuwa zimeanza. Alisimama uani na viatu vyake vya ngozi, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mzee. Dereva akaiweka betri chini. Nilipofungua vifuniko nikaona maji ya rangi ya kahawia.

"Ndugu Katibu, nani ameweka maji haya?"

"Yalikuwa yamepungua, nikaagiza yaongezwe. Maji si maji?"

"Haya ni maji ya mtoni. Na betri hii imekaa bila umeme siku nyingi. Itanichukua siku tatu, tena siahidi kwamba itapona."

Akatabasamu. "Nina kikao mjini mpaka saa tisa. Saa tisa naondoka na betri yangu."

"Si yako, ni ya zahanati. Na nikiichaji kwa haraka hivyo itachemka."

Hakupandisha sauti. Angenipigia kelele nisingeumia hivyo. Alisema taratibu, kama anamfundisha mtoto kusoma, "Binti, nchi hii ina watu wanaojenga na watu wanaonyonya. Nyumba hii ina duka, ina mashine, ina injini. Wapo wanaouliza kwa nini mali yote hii iko kwa mtu mmoja. Mimi huwa nawaambia mzee huyu anatusaidia. Nisingependa kubadili maneno yangu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia yote. Nilidhani angesema neno, yeye aliyenifundisha kazi ile, aliyewahi kumfukuza mwenye lori kwa sababu hiyo hiyo ya kutaka haraka. Akasema, "Mchajie."

"Baba, wewe mwenyewe—"

"Nimesema mchajie."

Nikamchajia. Nilifungulia umeme mwingi, nikasimama pembeni nikiitazama ikitokota kama sufuria. Nilipoigusa ubavuni ilikuwa ya moto. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuvua glovu nikaingia ndani. Sikufanya hivyo, na hasira nyingine ninayoibeba hadi leo ni ya jambo hilo. Saa tisa Katibu akaja, akanishukuru, akamwambia Baba ana binti hodari. Nikamvuta dereva kando nikamwambia, "Itawasha gari siku chache tu. Isitolewe tena kwenye gari. Nakuomba." Akaitikia kwa kichwa.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, wakati injini inaunguruma na wanawake wamepanga foleni na ndoo zao za ulezi na mahindi, mwanamke mmoja aliingia uani amevaa gauni jeupe la unesi lililojaa tope mpaka magotini. Nyuma yake wapagazi wawili walibeba betri. Nilijua ni ipi kabla hawajaitua.

"Nani anachaji betri hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Ni wewe?" Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Basi tazama kazi yako."

Akanieleza pale pale, mbele ya wanawake wote, na Baba akazima injini ili asikie. Mama mmoja kijijini alishikwa na uchungu, mtoto akawa amekaa vibaya tumboni. Nesi akaamuru apelekwe mjini. Dereva alipowasha, gari likalia tik, likanyamaza. Hendeli ya kuzungushia injini ilikuwa imevunjika tangu zamani. Wakaita watu walisukume, lakini udongo wa bondeni wakati wa mvua unashika magurudumu kama gundi. Likasogea hatua chache likazama. Wakafunga machela kwa miti na blanketi, wakambeba yule mama kwa mabega kupanda mlima, wanaume wakipokezana na nesi akitembea pembeni ameshika mkono wake. Karibu na kileleni wakakutana na lori la misheni likawachukua. Mama alifika hospitali akiwa hai. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

"Katibu amesema mliiharibu makusudi," nesi akamalizia. "Amesema wafanyabiashara hamtaki vijiji viendelee."

Nilichukua bakuli jeupe, nikainamisha betri, nikamwaga maji ya chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita. Yalitoka mazito, ya kahawia, na chini ya bakuli likabaki tope. Nikamwambia achungulie ndani. Bamba zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa.

"Usiku wa kuamkia safari hiyo, betri hii ilikuwa wapi?" nikamuuliza.

Nesi akakaa kwenye gunia la mahindi. "Kwa Katibu," akasema. "Alikuwa na wageni kutoka wilayani. Nilisikia muziki kutoka nyumbani kwangu." Akafunika uso. "Nilisikia, na sikwenda kuuliza."

"Na mimi niliichemsha," nikamwambia. "Mara ya mwisho. Nilijua na nikaichemsha."

Tukaitwa ofisi ya wilaya mjini, Baba na mimi, kwa barua ya kutushtaki aliyoandika Katibu. Njiani Baba alinisihi. Alisema yeye ni mgonjwa, ana wadogo zangu watano, wakifunga mashine tutakula nini. Nikubali kwamba nilikosea, yaishe. Nilibeba lile bakuli na tope lake, nimelifunika kwa kitambaa.

Ofisa aliyetusikiliza alikuwa na haraka. Katibu akazungumza kwanza, kwa ile sauti yake, akimsikitikia mama wa watu. Alisema "mama yetu". Baba akasimama akaanza, "Ndugu Ofisa, binti yangu bado mdogo, naomba umsamehe..."

"Usiniombee msamaha, Baba," nikasema. Sikuwahi kumkatiza maneno tangu nizaliwe. Nikaweka bakuli mezani juu ya makaratasi, nikafunua. Nikaeleza maji yalitoka mtoni, bamba ziliota unga kwa kuachwa bila umeme, na umeme ulikwisha kwa santuri na taa mbili. Nikaeleza pia nilivyoichemsha na nani alinilazimisha. Kisha nesi, aliyepanda lori kuja bila kuitwa, akasema alichosikia na alichoona. Dereva alikuwepo. Alipoulizwa alitazama sakafu, lakini alisema ni kweli.

Nilimtazama Katibu nikisubiri ajikunje, alie, chochote. Alikuwa anapangusa kiatu chake.

Ofisa akatoa bakuli juu ya makaratasi yake, akasema kumekuwa na matatizo ya kiufundi, na kwamba kuanzia sasa betri ya zahanati itakaa chini ya ufunguo wa nesi. Matatizo ya kiufundi! Mtoto wa watu amezikwa kwenye udongo wa bondeni kwa sababu mtu mmoja alitaka wageni wake wacheze dansi, na jina la jambo hilo likawa matatizo ya kiufundi. Mashine yetu haikufungwa. Zahanati ikakaa miezi bila betri, mpaka ikaletwa nyingine, na nesi akawa anaileta mwenyewe kwangu, mapema, kabla haijaisha. Ilidumu miaka. Katibu alihamishiwa kijiji kikubwa zaidi.

Baba hakuzungumza nami mpaka mvua zilipokwisha. Siku moja alikuja uani akakaa kwenye kigoda chake, akanitazama nikipima maji ya betri ya misheni, akasema, "Nilimwogopa." Nikamwambia najua. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa sababu bado nilikuwa sijamsamehe. Alikufa mwaka uliofuata, na sikumbuki kama nilipata kumwambia.

Yule mama aliyebebwa kwa machela nilimwona mara moja tu. Alikuwa sokoni Sumbawanga amepanga mchele wa bondeni juu ya turubai, na nesi ndiye aliyenionyesha kwa mbali. Nikaenda mwenyewe. Akanikaribisha kama mteja mwingine yeyote, akachota mchele kiganjani ili niuone ulivyo safi, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema bado. Akasema, "Mungu atakupa." Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi tangu lango la soko. Nikanyoosha kapu langu, akanipimia, nikaondoka.