Chupa Ndani ya Kopo la Tende

Nilipoambiwa nina presha ya macho, nilikuwa nafundisha Kurani kwa watoto wa Waafrika Mashariki pale Al Nahda, huku Uarabuni. Nilikaa chumba kimoja na shoga yangu wa Mombasa, miaka kumi na moja, kitanda kwa kitanda. Daktari, Mmisri mpole, alinipa matone ya kutia asubuhi na jioni. Akaniambia pia nitembee nusu saa kila siku, nilalie mito miwili, na nikifuturu nisigugumie jagi zima la maji kwa mara moja.

"Haya yanaisaidia dawa, hajjati," alisema. "Hayachukui nafasi yake."

Ramadhani ikaingia. Tone la asubuhi liliteremka mpaka kooni na uchungu wake. Najua wanavyuoni wengi wanasema halifunguzi saumu, lakini nikaona nichukue hadhari, niwe natia wakati wa daku na baada ya futari. Shoga yangu akacheka.

"Tabu yote hiyo ya nini, mwalimu wangu? Habasoda, dawa ya kila ugonjwa ila mauti, si umeifundisha mwenyewe? Kijiko cha mafuta yangu na asali, khalas. Au Hadithi ni ya kuwasomea watu tu?"

Neno hilo liliniingia. Nikaona haya kuamini kichupa cha plastiki kuliko nililosomesha. Nikaacha matone. Nikanywa mafuta yake, nikatembea kila alasiri, nikalalia mito miwili. Macho hayakuuma, nami nikamshukuru Mungu nikidhani nimepona.

Shoga yangu alikuwa akiwauzia wanawake mafuta yale baada ya tarawehe. Nilimsikia akisema, "Mtazameni mwalimu. Hospitali kaipa mgongo." Wakanigeukia, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Kufika Mfungo Tatu nikaanza kumwaga chai kando ya kikombe. Bega la kushoto likawa linagonga mlango niliouzoea. Daktari akapima, akasema sehemu ya nuru ya jicho la kushoto imekwenda na hairudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, nikirudi kwenye matone siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nimefunga sunna siku ile. Magharibi ilipokaribia, tende zangu zilikwisha, nikafungua kopo la shoga yangu, kama tulivyozoea kuchukuliana. Chini ya tende nikakuta kichupa kimefungwa kwa karatasi. Matone yale yale niliyopewa mimi. Jina lake juu, na tarehe ya wiki iliyopita.

Alikuwa anakunja mabuibui.

"Hii yako?"

Akatazama, akaendelea kukunja. "Yangu. Mwaka wa sita huu."

"Na mimi ukaniambia niache."

"Sikukushika mkono, shoga. Wale wanawake wangenunua vipi, na mwalimu mwenyewe anatia dawa ya hospitali?" Kisha akaniangalia. "Wewe si msomi? Ungesoma na karatasi ya daktari."

Adhana ikaadhiniwa. Nilifungua kwa maji, funda moja moja.

Ijumaa, baada ya darsa, niliwaambia wale wanawake wa tarawehe yote. Nikafumba jicho la kulia, nikawaonyesha ni wangapi kati yao walionipotea. Nikawaomba wenye dawa za macho warudi kwa madaktari wao kesho yake.

"Kwa hiyo mwalimu, habasoda ni uongo?" mmoja akauliza.

"Habasoda ina baraka yake, mwanangu. Waongo ni sisi wawili."

Shoga yangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alivaa viatu akatoka.

Alhamdulillahi, bado nasoma msahafu, ule wa maandishi makubwa. Tulikaa chumba kile mpaka visa yake ilipokwisha, na salamu hatukunyimana. Nimemsamehe, na macho yake nayaombea kila sala. Lakini tangu jioni ile, kila aliponiwekea chai mezani, nilimshukuru, nikaiacha ikapoa bila kuigusa.