Kapasita za Twaiba

Twaiba binti Sefu alikuwa fundi wa redio na simu pale Gazi, na majivuno yake hayakuwa madogo. Wazee walipomwagiza aunde saa ya msikiti, ya kumwonyesha bilali wakati wa adhana, alitembea kijiji kizima shingo juu.

Sasa, chipu za saa zinataka umeme uliotulia. Kila moja huwekewa kapasita ndogo ubavuni, ya kuiwekea akiba kidogo, kama mtungi jikoni: maji ya bomba yakikatika, unachota hapo. Twaiba alilijua hilo fika. Lakini kapasita ndogo zilikuwa Mombasa, na Ramadhani ilikuwa kesho kutwa. Akang'oa moja kubwa kwenye televisheni mbovu, akaichomea pale umeme unapoingilia, mbali na chipu. "Hii kubwa itazitosha zote," akajiambia. Itazitosha wapi, nayo iko mbali nazo! Ukaidi mtupu.

Siku ya tisa ya mfungo wingu lilitanda zito. Bilali, Mzee Jumbe, aliwasha kipaza sauti, umeme ukayumba, saa ikaruka dakika kumi na mbili mbele. Mzee akaitazama, akaadhini. Kijiji kikafuturu. Tende zimo vinywani, ndipo adhana ya msikiti wa pili ikasikika. Lahaula! Saumu ya watu imeharibika, na siku hiyo lazima ilipwe.

Walipokwenda kuitazama saa, ilikuwa imekwisha kujirekebisha kwa mtandao. "Macho ya mzee hayo," wakasema, na adhana akapewa mwingine.

Kesho yake Twaiba aliifungua saa akisingizia kufuta vumbi, akachomea kapasita ndogo sita. Akasifiwa kwa bidii yake. Haya ilimchoma uso, lakini mdomo hakuufungua.

Siku ya tatu baada ya hapo Mzee Jumbe alimfuata kibandani kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipeleke Msambweni nikapimwe macho. Wallahi niliiona kumi na mbili na nusu. Kumbe nimekuwa kipofu, nami sijijui."

Hospitalini alionyeshwa alama za ukutani, akazitaja zote hadi mstari wa chini kabisa. Muuguzi akacheka. "Mzee, macho haya hata mimi nayatamani."

Mzee Jumbe hakucheka. Alimgeukia Twaiba.

"Basi ni akili yangu inayokwenda, mwanangu?"

Twaiba alipiga magoti sakafuni mbele ya foleni nzima. "Ni mimi, babu," akasema. "Ni mimi niliyewafuturisha watu kabla ya wakati."