Shahada ya Ploti Nzima

Adero alizaliwa Gatwekera, mtaa wa mabanda jijini, akasomea sosholojia, na sasa amepanga chumba mtaa wa Gatina, orofa ya tatu. Chuo kilichompa shahada kimempa pia kibarua: kuwatafuta wahitimu wenzake na kuwauliza wanafanya kazi gani, na ujuzi wa darasani unawafaa wapi. Nasema bila kuficha kwamba vyuo vyetu vilipaswa kuuliza hayo zamani, kabla ya kuwavisha vijana wengine majoho. Adero aliipokea kazi hiyo kwa furaha ya mtu aliyengoja kuulizwa yeye mwenyewe.

Jumamosi moja simu yake ilimletea kutoka chuoni jina la Khaemba, mhandisi wa maji, wa ploti, yaani ua wa vyumba vya kupanga, iliyo jirani na kwao Gatwekera. Moyo ulimruka, kisha ukasita. Khaemba huyo, Adero alikuwa akimwona mara kwa mara chini ya dirisha lake Gatina, kwenye mjengo wa ghorofa jipya, akibeba karai la zege.

Sharti la utafiti ni kwamba mhitimu ajibu peke yake. Huko Gatwekera sharti hilo ni gumu kutimiza. Ukuta ni bati, na Khaemba alisomeshwa kwa harambee: Mama Trizah alitoa mtaji wa biashara yake ya omena, wale dagaa, na Mzee Ogola, fundi viatu, akamnunulia shati la kwanza la kazi. Adero alipofika kwao Khaemba na kuketi, ploti yote iliketi.

"Andika injinia," Mama Trizah aliamuru kabla ya swali. "Ofisi iko Upper Hill. Anatoka hapa asubuhi kama waziri!"

"Mama, inafaa ajibu mwenyewe. Tena faraghani."

"Faragha ni ya watu wa ghorofa. Hiyo shahada ni yetu. Uliza, tunasikia."

Khaemba alimtazama Adero. Waliwahi kugongana macho pale mjengoni, naye alijua kwamba anajulikana. Angesema "injinia" tu, heshima yake ingebaki, na chuo kingechapisha kwa majivuno kwamba wahitimu wake wameajiriwa.

"Nitaandika utakachosema wewe," Adero alimwambia.

Khaemba alishika kola ya shati lake. "Mjengo. Gatina. Nabeba zege. Hili shati navulia kwa choo cha site."

"Katika wiki iliyopita, umetumia ujuzi uliousomea?"

"Hapana."

Mzee Ogola aliruka kutoka kwenye kigoda. "Na shati langu? Kumbe nilinunulia karai!"

Mtu alicheka. Mama Trizah alisimama, mikono kiunoni.

"Khaemba, lile bomba la nyuma linavuja tangu mvua za Aprili. Tunaruka matope kama vyura. Tukasema, tutamwitaje mtu wa ofisi ashike bomba la choo? Tukakuogopa!"

"Nilikuwa naliona, Mama. Ningeshika spana, mngejua sina ofisi."

Mhandisi wa maji na bomba linalovuja waliishi ua mmoja, na kati yao ikasimama aibu! Aibu hiyo si ya Khaemba. Ni ya waliomwaminisha kwamba msomi ni shati, na ya wanaofungua kozi kila mwaka bila kujali mhitimu wa jana amelala wapi. Tutaendelea kupiga makofi hadi lini?

"Spana iko wapi?" Khaemba aliuliza ghafla.

Ploti ililipuka. Huyu alileta spana, yule msumeno, mwingine kipande cha bomba kilichokuwa kikishikilia bati. Khaemba alivua shati na kumkabidhi Mzee Ogola. Bomba lilikuwa limepasuka pale kila mtu anapokanyaga. Akalikata, akalipitisha kando ya ukuta, akaliunga upya, huku akieleza kila hatua kwa sauti ambayo Adero hakuwahi kuisikia kule mjengoni. Maji yalipofunguliwa, hakuna tone lililodondoka. Vigelegele vilivuka njia, na ploti ya pili ikaita: "Injinia! Na yetu je?"

"Adero!" Khaemba alipaza sauti, matope hadi viwikoni. "Lile swali, rudia!"

"Linauliza wiki iliyopita, si leo!"

"Basi rudi Jumamosi ijayo," Mama Trizah alidakia. "Na ukuje na huyo mkubwa wako wa chuo. Sisi ndio tulisomesha. Atuulize pia, tuko na majibu!"

Adero aliandika "mjengo", akaandika "hapana", kama alivyoambiwa. Kisha, huku akicheka, akampigia mkubwa wake simu papo hapo, akaielekeza kwa Mama Trizah aseme naye.