Laptopu Wakati wa Eda

Nilikuwa nimekaa eda nyumbani Tibirinzi, na laptopu niliyoachiwa na marehemu mume wangu ikakataa kabisa kushika wifi. Hata alama yake pale chini pembeni ilikuwa imetoweka. Nikampigia fundi wa Chake Chake.

"Ilete dukani, mama."

"Nimekaa eda. Nitatokaje?"

Akasema basi atakuja yeye. Huyu naye! Mwanamume wa kando aje akae na mimi chumbani?

Ikabidi anielekeze kwa simu. Nikafungua orodha ya vifaa vya ndani, nikaikuta adapta ya wifi ina alama ya njano ya hitilafu. Nikaiondoa, nikazima laptopu na kuiwasha tena ili ijiwekee upya, huku nikiitukana kimoyomoyo.

Alama ya wifi ikarudi. Kabla sijagusa kitu, laptopu ikajiunga yenyewe na mtandao. Nikalisoma jina la mtandao huo. Lilikuwa jina la mume wangu, lile la simu yake, aliyokuwa akiitumia kunigawia bando kila jioni.

Nikamsomea Fatiha. Jina likabaki palepale.

Mara nikasikia mlangoni, "Hodi, shemegi!" Ni mdogo wake, ametoka Msuka. Ile simu tulimpa yeye tulipogawa vitu vya marehemu, na wala hakubadilisha kitu ndani yake, hata jina la mtandao.

Nikamwomba mama yao, mkwe wangu niliyekuwa nikikaa naye, amkalishe barazani, amtilie chai, kisha amwongeze nyingine, na nyingine tena. Mimi nikabaki chumbani nikilitazama lile jina, maana nilijua akishaondoka litafutika.