Mgeni Aliyejifanya Hajui Drafti

Mwanangu, hadi leo nikipita Malaba naiona siku ile kaka yangu Barasa alipopoteza baisikeli yake, tena mchana kweupe. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi nilikuwa msichana, nauza chai kando ya barabara pale malori yalipongoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva na mataniboi wao, wale wasaidizi wa lori, walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, na hakuna aliyemweza Barasa. Kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa baisikeli mpaka ng'ambo. Ndiyo iliyotulisha, mimi na mama.

Akaja mgeni, shati limechanika, redio ndogo kwapani, anauliza hata kingi, kete iliyovuka ubao, inatembea vipi. Akacheza, akafungwa, akacheka. Akafungwa tena. Kijana mmoja, Okello, aliyekuwa amezoea kunywa chai kwangu na kumwita Barasa ndugu, akampiga kaka yangu begani.

"Bosi, huyu hajui kitu! Weka baisikeli, yeye aweke redio yake."

"Barasa, wacha," nikasema.

"Wewe pika chai."

Mwanangu, mgeni akakaa wima. Akatoa kete iliwe, akatoa nyingine iliwe, kisha yake moja ikaruka ubao mzima ikizoa za Barasa. Chai ilinimwagikia mguuni nisihisi.

Lakini si hilo lililonikata maini. Mgeni alipoinuka na baisikeli, ni Okello aliyemsaidia kuipandisha kwenye lori lililokuwa likiondoka. Wakaketi nyuma pamoja, wanacheka.

"Okello! Ndugu yangu!" Barasa akaita.

Hakugeuka. Barasa alisimama barabarani mdomo wazi mpaka vumbi likatulia, na tangu hapo akawa mtu wa kubeba magunia mgongoni.

Basi nisikilize. Kufungwa ni rahisi kuigiza, kwa hivyo usimpime mtu kwa kufungwa kwake. Tazama macho. Asiyejua hutazama kete zake, anaumia zikiliwa. Yule mgeni hakuzitazama hata. Alikuwa akimtazama Barasa usoni. Na anayekusukuma uongeze dau, huku yeye mwenyewe haweki chochote, huyo mwogope kuliko unayecheza naye.

Mungu akupe macho ya kusoma watu, mwanangu, na akuzungushie wanaokupenda kweli. Jasho lako likulishe wewe na wanao.