Chupa Niliyoificha Kwenye Mkoba

Maji niliyochota kwa mkono wangu mwenyewe yalikuwa yanabadilika njiani.

Najua mtasema nilirogwa. Hata mimi nilifika mahali nikaanza kuamini hivyo.

Naitwa Eunike. Nasoma shahada ya pili hapa Arusha, chuo sikitaji. Utafiti wetu ulihusu mitungi ya kuchuja maji, ile inayotakiwa kuondoa floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya huku. Waliokulia chini ya Mlima Meru wanajua naongelea nini. Meno ya kahawia, na watoto wengine mpaka miguu inapinda.

Kampuni ilitoa mitungi, sisi tukaigawa kwenye kijiji kimoja juu ya Usa River. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuchota maji yaliyochujwa, kisha kuyapima maabara.

Kaka yangu Elihuruma ndiye alikuwa ananipeleka kwa gari lake, Noah. Huyu ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Nilikuwa naishi kwake Lemara.

"Dada yangu abanane kwenye daladala na boksi la sampuli? Haiwezekani," alisema.

Nilijiona nimebarikiwa.

Majibu yalikuwa mazuri balaa. Kila nyumba, maji safi.

Mpaka siku Mama Elinipa, mmoja wa waliopewa mitungi, aliponivuta kwenye migomba yake.

"Mwanangu, usinikasirikie. Mtungi wenu ulipasuka. Yale maji uliyochukua mara ya mwisho ni ya bomba tu. Niliona aibu kukwambia."

Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika.

Maji yake nilikuwa nimeshayapima. Yalikuwa safi kuliko ya wote.

Nikachota tena palepale bombani, chupa mbili. Moja nikaiweka kwenye boksi kama kawaida. Nyingine nikaifunga kwenye kanga, nikaizamisha kwenye mkoba.

Maabara, ya kwenye boksi ikasoma safi.

Ya kwenye mkoba? Floraidi tele.

Aisee, niliweka vyombo chini. Kuna mtu alikuwa anabadilisha maji. Na wale watoto walikuwa wanaendelea kuyanywa kwa sababu sisi wasomi tumewaambia ni salama.

Akili ikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wangu, Dokta Sifaeli. Funguo za maabara anazo. Na nilishamwona anakula na watu wa ile kampuni, wanacheka kama ndugu.

Kesho yake nikiwa Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, simu ikaita. Namba imefichwa.

"Eunike." Sauti ya mwanaume, simjui. "Ile chupa ya kwenye mkoba, imwage. Unasoma vizuri, usijiharibie maisha."

Akakata.

Nilikaa chini pale pale, kwenye ngazi za duka la watu. Muuza duka ananiuliza, "Dada, unaumwa?" Nikatikisa kichwa.

Amejuaje kuhusu mkoba?

Kuanzia hapo kila mtu akawa adui. Kantini nikaacha kula. Mtu akitembea nyuma yangu, nasimama apite kwanza. Pikipiki ikipunguza mwendo, nahamia upande wa pili wa barabara.

Mwisho nikaona bora nife nimesema. Nikaenda kwa Profesa Kandida, mwenyekiti wa kamati ya maadili ya utafiti.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa, mbona hivyo?"

Nikamwaga yote. Nikamtaja Dokta Sifaeli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sifaeli alishatuambia tangu mwanzo kwamba kampuni imewahi kumlipia safari," alisema. "Ndiyo maana tulimtoa kwenye sampuli. Hazigusi. Hata funguo alirudisha."

Kumbe nilimshuku bure.

"Wewe pia tulikuuliza," akaendelea. "Ukasema una shangazi pale kijijini, tukaiondoa nyumba yake. Kuhusu kampuni ulisema huna ndugu."

"Sina, Profesa. Kweli kabisa."

"Sawa. Hiyo chupa ya kwenye mkoba, nani alijua unayo?"

"Hakuna. Sikumwambia mtu yeyote, isipokuwa..."



Kwenye gari. Nilimwambia kwenye gari, tukiwa tunarudi. Kaka yangu. Ambaye kila nikiingia nyumba za watu, yeye anabaki peke yake na boksi la sampuli.

Elihuruma alikuwa nje ya geti ananisubiri, kama siku zote. Sikupanda. Nilisimama kwenye dirisha la gari.

"Kaka, wewe una nini na ile kampuni?"

Alishika usukani, hanitazami.

"Nimeweka kiwanja changu rehani nikawekeza pale, Eunike. Mimi ni mbia. Mitungi ikifeli, tumekwisha wote."

"Na yule aliyenipigia?"

"Jamaa yangu. Nilimwambia akutishe kidogo tu. Nisingekubali mtu akuguse."

"Wale watoto je, kaka?"

Akawasha gari.

Nimewahi kuogopa wezi, nimewahi kuogopa moto. Sijawahi kuogopa kama siku ile, nikimwangalia mtu niliyemzoea tangu nazaliwa na nisimjue.

Nilirudi ndani. Nikamwambia Profesa, "Nina ndugu kwenye kampuni." Maneno yalitoka na machozi.

Kazi yote ilitupwa. Wanakijiji waliambiwa ukweli, mitungi ikakusanywa. Mama Elinipa alinikumbatia. Wengine walinitukana.

Sasa hivi naishi kwa rafiki yangu Lydia. Utafiti nimeanza upya, na maji nayabeba mwenyewe. Kaka hapokei simu zangu. Namba ngeni ikiita, bado nashtuka.

Wadau, mkiulizwa kama mna maslahi au ndugu kwenye jambo mnalolifanyia utafiti, msijibu haraka kama nilivyojibu mimi. Sikudanganya. Nilisema nilichokijua. Ila nilienda nyumbani, nikala meza moja na kaka yangu, na swali lile lile sikumuuliza.

Ulizeni kwanza nyumbani, ndipo mjibu.