Hewa ya Wizi Katika Mashine ya Majani

Je, wewe unayesoma, umewahi kuisikia mashine ikisinzia? Sauti yake inashuka taratibu, kama bibi anayefumba macho kanisani mahubiri yakiwa marefu, halafu inashtuka na kupanda tena, vuuu, kana kwamba kuna mtu ameiita kwa jina.

Ndivyo inavyofanya mashine ya kukata majani ya Maman Colette asubuhi hii, katika mtaa wa Nyalukemba, Bukavu. Ukungu bado umelala juu ya ziwa. Papa Tambwe, fundi wa injini ndogo, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake. Amefumba macho, anasikiliza.

"Tuiache kwanza isinzie," anasema polepole. "Itaniambia yenyewe ni fasi gani iko inaumwa."

Maman Colette hawezi kukaa. Ni mzaliwa wa Mudaka, na anaishi kwa kukata majani kwenye nyumba za watu. Leo ana bustani moja kubwa kando ya ziwa, ambako kesho kuna harusi. Mara mbili mashine imemzimikia katikati ya majani, mwenye nyumba akitazama. Ameambiwa ikizima tena, wataitwa wanaume wanaofyeka kwa mapanga, na kazi ile itakuwa yao moja kwa moja.

Papa Tambwe alizaliwa Uvira, katika ukoo wa wafanyabiashara. Ndugu zake walikulia kwenye uzuri wa vitambaa, wakajua kupima doti kwa macho. Yeye alipenda kukaa nyuma ya duka, karibu na jenereta, akiisikiliza hadi alipoitwa kula. Amekuwa fundi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mashine za majani si nyingi, maana Bukavu ni milima na nyumba zimepandiana mabegani. Miezi mingine anakula kwa pampu na jenereta tu.

Mkewe, Nafisa, anapita na beseni la nguo na kusimama kidogo.

"Hata mu usingizi iko nanguruma," anasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Nikimuamsha anakasirika, eti nimemuzimia moteri."

Papa Tambwe ameokota unyoya wa kuku, ameuchovya kwenye mafuta, na sasa anaupitisha taratibu pale kabureta inapoungana na injini. Ghafla sauti inatulia. Inakuwa moja, laini, imenyooka kama maji ya ziwa kabla mtumbwi haujapita. Kisha mafuta yale yananyonywa ndani, na mashine inarudia kusinzia kwake.

"Iko navuta hewa ya wizi," anasema. "Kuna hewa imepita mu mulango, na ingine imepita mu dirisha."

Anaizima, anafungua. Katikati ya vyuma viwili kuna kipande cha shambreri, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kimekatwa kwa makasi na kuvimba kama unga wa mandazi. Anauliza ni fundi gani alikiweka. Maman Colette anatazama ziwa.

"Ni miye."

Nani angemlaumu? Bukavu shambreri inafunga mzigo wa kuni, inashika mlango uliovunjika bawaba, inaunga hata kiatu. Kwa nini isizibe na injini?

"Shambreri ni rafiki ya kila mutu," Papa Tambwe anamtania, akigonga tangi la petroli, "lakini na esansi habasikilizane. Ikimuona tu, inavimba."

"Basi iko kama wifi yangu."

Fundi anacheka mpaka kigoda chake kinalia. Halafu anachukua karatasi nene ya kasha la sabuni, anaitandaza juu ya chuma, na kuigonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Ukingo wa chuma wenyewe unaikata karatasi, duara na matundu yake. Anaiweka pale palipokuwa na shambreri, anafunga. Anavuta kamba.

Mashine inaimba sauti moja. Lakini fundi bado hajaridhika. Anasema kwamba juu ya sementi kila injini ni hodari, mtihani uko majanini. Maman Colette anamwomba waende wote.

Jua limeshakausha umande wanapofika. Maman Colette anasukuma, injini inazama kwenye majani marefu, na sauti haitetereki. Mwenye nyumba anatoka kwenye veranda, anasikiliza, anainua mkono kwamba aendelee, anarudi ndani. Kazi imebaki ya Colette.

Nyuma yake Papa Tambwe anatembea bila viatu juu ya mstari mpya wa kijani, harufu ya majani imemjaa, uso wake uko mbali kama wa mtu anayeota. Mwishoni mwa mstari Colette anageuka na kumuuliza, mbali na malipo waliyopatana, amfanyie nini.

Papa Tambwe anafuta mikono kwenye suruali.

"Maman Colette, miaka yote hii ninazitengeneza, zinaenda. Sijasukumaka hata moja mu majani. Uniachie mustari moja."